Masale ya Mama

Nilimkosea mama yangu mbele ya wanangu. Tulikuwa tunatengeneza uwanja wa nyumba yetu mpya huku Uru, mke wangu akipanda maua, watoto ukoka. Mama akaja kutoka Kilema na miche ya masale, akaipanda mpakani. Nikaing'oa yote.

"Mama, haya ni ya kipagani."

Akapangusa udongo mikononi. "Sawa, baba. Na siku ukitaka kuniomba msamaha, utaniletea ukoka?"

Akaondoka bila chai. Kwetu Wachagga, msamaha huombwa kwa jani la isale.

Jana niliomba jani kwa jirani aliyenisikia siku ile. Akacheka: "Kumbe wapagani tuna faida!" Akanikatia.

Mama, ukisomewa haya, ujue leo baada ya misa nakuja nalo. Naomba unipokee.