Bi Povu na Vidonge vya Manjano

Mtaa mzima ulimwita Bi Povu, tena si kwa siri. Walimwita hivyo usoni naye akaitika, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limetoka kwenye kazi yake, na kazi yake hakuionea haya hata siku moja. Alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na minne alifua nguo za watu katika banda la mabati nyuma ya nyumba yake, mabeseni manne kwa mstari: la kuloweka, la sabuni, la kusuuza na la buluu ya kung'arishia nguo nyeupe. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kama kabichi iliyosahaulika jikoni, lakini kola ikipita kwake ilitoka imesimama kuliko mwenye shati.

Kanuni yake ilikuwa moja. Hakuna nguo inayoingia majini kabla ya kugeuzwa ndani nje, kupapaswa mishono na kukaguliwa mifuko. Kilichomo mfukoni kilitiwa kwenye kopo la biskuti lililokaa juu ya dirisha, na siku ya kuchukua nguo kilirudi kwa mwenyewe. Kifungo, ufunguo, barua ya mapenzi, hata jino la bandia la mwalimu mkuu mstaafu, vyote vilirudi. Alivisoma kwanza, ndiyo, hilo halina ubishi, lakini vilirudi.

"Mdomo wa mtu hudanganya," alikuwa akisema. "Mfuko haujui kudanganya. Mimi sijawahi kukosea kusoma mfuko."

Tena alikuwa na mwiko: hafui shuka zilizofunikiwa maiti. Ungemletea mlima wa nguo za harusi na shuka moja ya aina hiyo katikati, angekurudishia mlima wote. Ukimuuliza sababu, anakumwagia maji ya buluu miguuni halafu anakuomba radhi kama aliyeteleza.

Mwanawe alikuwa kinyozi, mtu mpole wa kuongea na vichwa vya watu kuliko na watu wenyewe. Alikuwa ameoa mpishi wa shule, binti mwenye kicheko kikubwa na mikono ya kugeuza sufuria la watoto mia tatu. Waliishi nyumba moja na Bi Povu, mlango wa pili. Miaka miwili ikapita. Tumbo la mkaza mwana likabaki bapa kama ubao wa kupigia pasi.

Bi Povu alijizuia asiseme. Alijizuia kwa namna yake, yaani alisema kila siku lakini kwa mzunguko. Akimwona paka wa jirani ana mimba, anasema, "Hongera, mwanangu, wewe angalau unajua wajibu." Mkaza mwana anacheka, anamwongezea mama mkwe chai, anakwenda zake. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Bi Povu. Mtu asiye na la kuficha hachekei paka.

Basi, Jumamosi moja asubuhi, aproni ya mkaza mwana ikafika beseni la kwanza. Bi Povu akaigeuza, akapapasa, akatia vidole mfukoni. Akatoa kibahasha cha karatasi cha zahanati. Juu yake kumeandikwa kwa kalamu "moja mara moja kwa siku", basi, jina la dawa hamna. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vya manjano, vimebaki kumi na tisa.

Akakaa juu ya ndoo. Hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Mwanamke haumwi, anakula vizuri, anacheka kama redio, na kila siku anameza kidonge kimoja kwa siri. Kidonge cha kila siku ni cha nini, kama si cha kuzuia? Ndiyo maana paka anamtangulia!

"Kumbe," akamwambia yule paka aliyekuwa anakunywa maji ya sabuni. "Kumbe mimi nangoja basi mahali pasipo kituo."

Hapo Bi Povu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote thelathini na minne. Kibahasha akakitia kwenye kopo, kopo akalifunika, na juu yake akaweka pasi.

Jioni mkaza mwana alikuja bandani, amejifunga kanga.

"Mama, hukuona kitu kwenye mfuko wa aproni?"

"Kitu gani?"

"Kikaratasi tu. Cha dawa."

"Sikuona. Labda kimeyeyuka majini. Karatasi za siku hizi hazina adabu."

Mkaza mwana akainama, akaingiza mkono kwenye beseni la maji machafu, akakoroga hadi chini. Bi Povu akamtazama akipekua povu kwa vidole, akajiambia kwamba anayehangaika hivyo ana dhambi. Mkaza mwana akainuka, akajifuta, akasema tu, "Daktari anakuja Jumatano ya pili kutoka leo. Nitaomba vingine." Safari hii hakucheka.

Siku kumi na moja zikapita. Bi Povu aliimba akifua. Alikuwa ameshaanza hata kuchagua ni fulana zipi za mwanawe zilizochakaa vya kutosha kukatwa nepi.

Siku ya kumi na mbili, Jumatano, nesi wa zahanati alileta sare zake asubuhi kabla ya kliniki. Nesi huyu alikuwa mwanamke mnene asiyeogopa mtu, na Bi Povu alimpenda kwa sababu mifuko yake haikuwahi kuwa na kitu ila maganda ya karanga. Bi Povu akaona saa ya ushindi imefika. Akataka aupate ushahidi kwa mdomo wa mtaalamu, ndipo akamwaibishe mkaza mwana vizuri, kwa hoja. Akashusha kopo.

"Hebu, nesi, niambie. Mwanamke anayemeza hivi ni mwanamke wa namna gani?"

Nesi akakitia kidonge kwenye kiganja, akakigeuza. "Mwenye akili," akasema.

"Akili gani ya kuzuia watoto?"

"Kuzuia watoto? Bi Povu, hizi ni foliki. Humezwa na mwanamke anayetafuta mtoto."

"Anayetafuta, au aliye naye?"

"Anayetafuta. Ndipo mnapokosea nyote. Mnangoja tumbo litokeze ndipo mje kliniki na madaftari. Mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, mama mwenyewe hajui kitu, anadhani amevimbiwa. Usipofunga vizuri, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo unaanza kumeza kabla, angalau mwezi mzima, halafu unaendelea hadi mwezi wa tatu. Haiondoi hatari yote, lakini inaipunguza sana."

Bi Povu akashika ukingo wa beseni.

"Tena hizi ni zile kali," nesi akaendelea, akakisogeza kidonge kwenye mwanga. "Mwanamke yeyote anayetaka mtoto anapewa kipimo kidogo. Hiki kikubwa daktari hukiandika kwa sababu maalumu. Mara nyingi ni kwamba katika ukoo, upande wa mke au wa mume, kuna mtoto aliyewahi kuzaliwa hivyo."

Povu kwenye beseni la pili likawa linapasuka polepole, hata linasikika.

Maana alikuwako mtoto aliyezaliwa hivyo. Kabla ya kinyozi, Bi Povu alizaa msichana, miaka thelathini na miwili iliyopita, mwenye nywele nyingi na mgongo uliokuwa wazi kiunoni kama mshono uliofumuka. Aliishi siku nne. Mama mkwe wa Bi Povu, Mungu amrehemu ingawa yeye hakumrehemu mtu, alitoa hukumu siku ya tano: kosa ni la mama, alifua shuka za maiti akiwa na mimba. Bi Povu akaimeza hukumu hiyo nzima, bila maji. Hakumtaja mtoto yule tena. Kinyozi alikuwa amesikia kwa shangazi yake, akamwambia mkewe, wakaenda wote wawili kwa daktari kimya kimya, ili wasimkumbushe mama.

"Nesi," akauliza, na sauti ilitoka ndogo. "Shuka za maiti nazo?"

"Zimefanya nini?"

"Mjamzito akizifua. Mgongo wa mtoto."

"Shuka hazifungui mgongo wa mtu, Bi Povu. Shuka ni shuka. Aliyekwambia hivyo alikuonea." Kisha nesi akarudisha kidonge ndani ya kibahasha. "Hivi ni vya nani?"

"Vya mteja."

"Basi mrudishie leo hii. Si kesho."

Bi Povu hakuvua hata aproni ya mpira. Alikwenda shuleni mbio, viatu vinapiga chapa chapa, watoto wanampigia makofi dirishani. Jikoni mkaza mwana alikuwa amesimama juu ya stuli akikoroga maharage kwa mwiko mrefu kama kasia.

"Shuka hapo," akasema Bi Povu.

"Mama! Kuna nini? Mume wangu?"

"Mume wako mzima, ananyoa. Shuka." Akamtilia kibahasha mkononi. "Havikuyeyuka. Nilivichukua mimi. Nilidhani unazuia."

Mkaza mwana akakiangalia kibahasha, akamwangalia mama mkwe.

"Niliingiza mkono kwenye maji yako machafu, Mama. Ukiniangalia."

"Nilikuangalia."

"Ukasema karatasi hazina adabu."

"Asiye na adabu ni mimi. Haya, nitukane. Una mwiko mkononi na sina pa kukimbilia."

Mkaza mwana hakutukana. Akateremka, akakaa kwenye gunia, akameza kidonge palepale kwa maji ya kikombe cha bati. Ndipo akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "Siku zangu zilitakiwa zije juzi."

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Wanaosema hivyo hawajawahi kuwa madobi. Bi Povu alimshika mkono mkwewe wakaenda zahanati siku ileile, na maharage yakaungua bila mtu wa kuyalilia. Daktari akasikiliza, akapima, mimba ikaonekana. Akasema mkaza mwana alikuwa amemeza kwa miezi miwili kabla ya kukatizwa, kwamba mgongo ulikuwa bado haujamaliza kujifunga, kwamba aendelee asiruke hata siku moja. "Kuahidi siwezi," akasema. Bi Povu alikuwa amekwenda pale kutafuta mtu wa kuahidi.

Miezi iliyofuata Bi Povu alikuwa adhabu kwa nyumba nzima. Saa moja kila asubuhi alisimama mlangoni na kikombe, akamfungua mkwewe mdomo kama mtu anayenunua punda. Chupa ya mitishamba ya shangazi akaimwaga msalani. Mgeni akija na bia, bia ilibaki nje na mgeni. Akakataza mpaka kicheko kikubwa, hadi nesi alipoitwa kusema kwamba kicheko hakimdhuru mtoto. Mwezi wa tano kipimo cha picha kilionyesha mgongo mzuri, lakini Bi Povu akasema yeye haamini nguo iliyoko kwenye dirisha la duka. Usiku alilala, lakini mchana, akifua, alikuwa akizihesabu zile siku kumi na moja.

Mtoto alizaliwa saa tano asubuhi. Nesi akatoka naye amefungwa kwenye shuka.

"Hongera, Bi Povu, ni..."

Hakungoja aambiwe ni nani. Akampokea, akakaa benchini, akafungua shuka, akamgeuza kifudifudi juu ya mapaja. Akapitisha kidole chenye makunyanzi kutoka shingoni hadi kiunoni, polepole, kama alivyopapasa mishono ya watu maisha yake yote. Akarudia. Mtoto akapiga ukelele wa hasira.

"Umeshika," akasema. "Mshono umeshika."

Akabaki ameinama hivyo, kidole kiunoni pa mtoto, mpaka kutoka kitandani, kupitia mlango uliokuwa wazi, ikaja sauti ya mkaza mwana, imechoka lakini ina kicheko chake chote:

"Na mifuko, Mama? Umekagua?"