Siku Nilipowalisha Wazee Maua

Jamani, mimi nimeshaaibika mara nyingi, lakini aibu ya bustani ya yule mama mzungu ndiyo ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yanapata moto, na mbaya zaidi hakuna wa kumlaumu, niliitafuta mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa karani kijana wa ghala la kahawa pale Bukoba, nina suruali moja ya kunyoosha na Kiingereza cha shule (yaani nasoma vizuri, nikisemeshwa haraka napotea). Mama huyo, mke wa afisa mmoja wa serikali, alikuwa na bustani ya maua karibu na ziwa, na masika yote wazee wa kanisa wa Kitendaguro walimpelekea samadi na majani ya migomba ya kutandaza. Mvua zilipokatika na kiangazi kikaanza, maua yakachanua kama yanashindana, akawaalika wakayaone na kunywa chai. Mkalimani wao akaugua. Ta Kagaruki (Ta ndivyo tunavyomwita mzee wa kuheshimiwa), mkubwa wa wazee hao, akaja ghalani kuniuliza kama naweza kushika nafasi yake.

Ningesema siwezi, leo nisingekuwa na mkasa. Lakini Ta Kagaruki alikuwa na binti, Koku, na nilijua Koku atakuwepo. Nikajibu, "Ta, mambo ya maua ya wazungu nayajua sana."

Basi tukafika, wazee wanne, akina mama watano, na Koku amevaa gauni la bluu. Bustani ilikuwa nzuri, nisiseme uongo: njia za changarawe, nyuki wanavuma, upepo wa ziwa unaleta harufu tamu mpaka akina mama wakanyamaza, na mnawajua akina mama wetu, hawanyamazi bure. Mama mzungu akaonyesha ua, akataja jina refu. Nikatafsiri, "Waridi." Akaonyesha jingine. "Waridi la manjano." La tatu nikaliita waridi la kutambaa. Ta Kagaruki akaniinamia sikioni: "Waitu, bwana karani, hawa watu wana waridi tu?"

Nikajifanya sikusikia, maana Koku alikuwa ananitazama.

Mwisho tukafika mbele ya maua matatu makubwa kama visahani, ya zambarau, yamezungushiwa kamba. Mama akaeleza kwa furaha kwamba mbegu zake zimetoka kwao kwa meli, akaongeza maneno ambayo ndani yake nilishika moja tu, ambalo shuleni tulifundishwa kuwa ni karamu. Kisha akaenda barazani kuhimiza chai.

"Kasemaje?" akauliza Ta.

"Anasema hii ni karamu yetu, ametutunzia."

"Tule? Maua?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. "Ndiyo, Ta. Yanaliwa."

Sasa ninyi mnajua, kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na hakuna mtu mwenye adabu anayeikataa. Ta Kagaruki akavua kofia, akachuma ua la kwanza, akaanza kutafuna taratibu huku macho yanamtoka. "Chungu kidogo," akasema, "ila tumshukuru." Wenzake wakagawana la pili, akina mama wakagawana la tatu, na Koku akaweka kipande kimoja mdomoni bila kuondoa macho yake kwangu.

Mama mzungu aliporudi akakuta vikonyo vitatu vitupu na watu kumi wanatafuna. Akapiga ukelele. Akanigeukia kwa maneno mengi, nami nikabaki nasema ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka Petro mpishi akaja mbio na birika mkononi.

"Alisema macho yenu ndiyo yale karamu!" Petro akafoka. "Mtazame tu! Nani kawaambia mle?"

Vidole vyote vikanielekea. Wengine wakatema kwenye changarawe, lakini Ta Kagaruki alikuwa amekwisha kumeza. "Petro," akauliza kwa sauti ndogo, "muulize, yanaua?" Mama akakimbilia ndani, akarudi anafunua kitabu, na dakika zile (wallahi nilikuwa tayari kujitosa ziwani) nilimtazama yule mzee ameshika tumbo nikaona nimemuua baba wa msichana ninayempenda. Kumbe hayana sumu. Ta akapumua, akasema, "Mwambie atusamehe. Tulidhani kuyakataa ni kumdharau." Petro alipotafsiri, yule mama akakodoa macho, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye majani, na wote wakacheka isipokuwa mimi.

Wakati wa kurudi nilitembea nyuma kabisa. Koku akapunguza mwendo.

"Ulikuwa unajua kweli?"

"Sikujua."

"Ungesema tu hujui, nisingekucheka." Akapiga hatua mbili. "Sasa nakucheka, na nitakucheka maisha yangu yote."

Na kweli, ni mwaka wa kumi na nane sasa tangu tuoane, hajaacha. Mimi nami nilijiapiza siku ileile: nisiposikia, nasema sijasikia, nisipojua, nasema sijui, na nasema upesi hivi kwamba wanangu wanadhani baba yao hakwenda shule kabisa.