Anayelaumiwa kwa Seva Yetu Siye Aliyeiharibu

Admin, usiweke jina langu tafadhali, na majina mengine nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nimeolewa, tuna mtoto mmoja na tunaishi Gitothua hapa Ruiru. Nafanya kazi ya kompyuta kwa hospitali ndogo ya kibinafsi kule Thika. Katika idara hiyo tuko wawili tu, mimi na mwenzangu nitamwita Njoro. Kesho asubuhi Njoro anaitwa mbele ya wakubwa na huenda akafutwa kazi, na mimi nimeitwa kama shahidi. Mimi najua hana makosa.

Ilianza Ijumaa. Njoro hufika mapema, anazima seva, ile kompyuta kubwa ya hospitali, na kuiwasha upya kabla wagonjwa hawajajaa. Hiyo seva haina vitu vya kubofya, unaiandikia amri kwa maneno nayo inafanya. Majibu yote ya maabara yako ndani yake. Siku hiyo nilimkuta amesimama mbele ya skrini, shati imelowa jasho. Akaniambia tangu aiwashe, mfumo wa maabara umekataa kuamka na kila amri anayoandika inakataliwa. Nikaketi, nikaandika ile rahisi kabisa ya kuonyesha faili, ls. Ikanijibu: command not found. Ati hiyo amri haiko. Nikajaribu nyingine na nyingine, jibu ni lile lile.

Kabla nifikirie, sista wa wodi ya akina mama akaingia. Huyo mama hapigi kelele hata siku moja, na hiyo siku pia hakupiga.

"Nina mgonjwa anavuja damu," akasema. "Grupu yake ya damu iko kwa hiyo mashine. Nangoja."

Akasimama hapo mlangoni. Maabara walikuwa wameanza kumpima upya, lakini sista alisema hiyo itachukua muda ambao mgonjwa hana.

Njoro alikuwa na hakika amri zimefutwa zote. Alitaka tuweke mfumo mpya kutoka mwanzo. Nikamwambia asiguse kitu, kwa sababu tukifanya hivyo tungepoteza siku nzima, na pengine majibu ya wagonjwa pia. Halafu nikaona kitu kimoja: amri ya kuhama folda, cd, bado ilikuwa inakubali. Hiyo huwa ndani ya ile programu yenyewe inayosoma unachoandika, haitafutwi kwingine. Nikajiuliza kama hizo zingine kweli zimefutwa ama mashine imesahau tu mahali pa kuzitafuta. Nikaandika ile ya kwanza tena, lakini na anwani yake yote, /bin/ls. Faili zikajaa kwa skrini.

Kumbe amri zote zilikuwa hapo. Nikaiuliza seva inatafutia wapi, nikaandika echo $PATH. Ikanionyesha folda moja tu, yenye jina sijawahi kuona. Mtu alitaka kuongeza folda yake, na badala ya kuongeza akafuta zile zingine zote. Nikafungua faili inayoweka orodha hiyo ya folda, kwa anwani kamili, nikarudisha ule mstari vile unafaa kuwa, nikawasha upya. Mfumo wa maabara ukaamka. Sista akachukua grupu, akaenda mbio.

Yule mgonjwa alipona, na mtoto wake mchanga pia. Lakini daktari alikasirika, na familia ikauliza kwa nini damu ilichelewa. Mkurugenzi akataka mtu wa kulaumiwa. Kwa vile Njoro ndiye alikuwa ameiwasha, akaambiwa aende nyumbani angoje kuitwa. Aliniapia hakugusa hiyo faili. Mimi sikumwamini. Nilimwangalia akitoka na begi yake.

Jumapili tulipotoka kanisani nikamsimulia mume wangu hayo yote vizuri. Yeye pia ni mtu wa kompyuta, hana kazi tangu kampuni yao ifungwe. Alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia kulikuwa na folda ngeni, sikumtajia jina. Akaweka kisu chini.

"Mama Imani, hiyo folda ilikuwa inaitwa zoezi?"

Ndivyo ilikuwa inaitwa.

Akaniambia kila kitu. Alhamisi nilikuwa nimeenda Gatuanyaga kuona mama yangu anayeugua, nikaacha laptop ya kazi nyumbani ikiwa imeunganishwa na seva. Yeye alikuwa anajitayarishia intavyu, akaona afanye mazoezi kwa seva ya kweli. Akabadilisha mstari mmoja kwa ile faili, hakuona chochote kikibadilika, akafunga. Hakujua madhara yangeonekana seva ikiwashwa upya.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Ijumaa jioni.

"Ulirudi ukisema ni Njoro," akasema. "Nikanyamaza."

Hiyo kazi aliyokuwa anaitafuta ameipata. Anaanza wiki ijayo. Anasema nikimtaja, hiyo kazi imeenda, na mimi pia watanifuta kazi kwa sababu laptop ni yangu na mtu wa nje hakufaa kuigusa. Hapo hajadanganya. Tutabaki wote wawili nyumbani, na mtoto.

Leo Njoro amenipigia. Hakunilaumu. Ameniomba tu kesho niseme vile niliona, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa hapo. Nikamwambia sawa, nikakata simu haraka.

Saa hii mume wangu ananipigia pasi nguo ya kuvaa kesho. Amerudia kola mara nyingi, na hajaniuliza nitasema nini.

Wenzangu, mngekuwa nyinyi mnaketi mbele ya hao wakubwa kesho, Njoro akiwaangalia, mngefungua mdomo mseme nini?