Faili Lipo, Halionekani

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu, maana kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi tu.

Katika duka la stesheneri mjini Tarime ninakofanya usafi, binti mwenye duka alikuwa akimwonyesha mzee mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu programu ya Java ya kupanga foleni ya wateja wake. Akijaribu sehemu moja moja, inakubali. Zote pamoja, inadai faili halipo.

“Si hilo hapo?” mzee akaonyesha kwa fimbo.

“Lipo, baba. Programu inalitafuta kuanzia pale iliposimama, na nikiunganisha sehemu zote inaanzia pengine. Nivumilie kidogo niirekebishe.”

“Nivumilie nini? Nimezunguka mji mzima nikitafuta duka lako! Kazi nampa mwingine.”

Binti akafunika uso kwa viganja. Mimi nikaendelea kufuta meza. Mzee nilimwelekeza dukani mimi, kwa simu, “Kata kushoto,” nikianzia mlangoni kwangu nyumbani. Yeye alikuwa anatokea upande wa Nyamwaga.