Ushuhuda Wangu, Malipizi ya Dada

Dada yangu na mimi tulibatizwa Katoliki tukiwa wachanga. Tulikulia pembeni mwa mji wa Songea, upande wa barabara ya Njombe, siku hizo mashamba ya mahindi yakiwa bado yamefika hadi mlangoni. Yeye amebaki alikobatizwa, na leo ni mwenyekiti wa jumuiya yao. Mimi niliokoka nikiwa na miaka arobaini na kitu, mjane, mwalimu wa shule ya msingi, nikahamia kanisa la walokole lililo karibu na ninapokaa. Tangu hapo sikumpa dada yangu raha. Mwalimu akishapata la kufundisha hatazami kama mwanafunzi amechoka, na mimi mdomo ninao tangu utoto.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya kutubu. Nakumbuka Jumamosi moja jikoni kwake, anachambua maharage, mimi nimekaa kwenye kigoda namhubiria.

"Dada, unaingia kwenye kile chumba, unamnong'oneza binadamu mwenzako, anakupa Salamu Maria tatu, unatoka umetakata. Mwezi ujao unarudi na dhambi zile zile. Ndiyo maisha ya Kikristo hayo?"

"Na nyie mnafanyaje?"

"Tunatubu kwa Mungu moja kwa moja, halafu tunashuhudia mbele ya watu. Hatuna cha kuficha."

"Kwa hiyo mimi namwambia mtu mmoja, naye ananyamaza mpaka kufa. Wewe unaliambia kanisa zima kwa spika." Akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Mdogo wangu, hebu niambie, nani kati yetu anawaambia zaidi binadamu?"

Nilikasirika, nikaondoka bila kunywa chai.

Sikuwa mjinga wa mafundisho ya upande wake, niliyasoma kwenye katekisimu nikiwa mtoto. Kwao, dhambi ikishasamehewa bado inaacha alama, na mwenye dhambi anapewa malipizi: sala, kufunga, au kumtendea mema aliyemkosea. Kwetu, msalaba umemaliza yote. Mtu anaokolewa kwa neema, na anayejaribu kuongeza jembe lake, yaani matendo yake, juu ya msalaba hajauelewa. Nililipenda fundisho hilo na bado ninalipenda. Lilinipa amani baada ya kufiwa na mume wangu, na hiyo siikani. Lakini nililitumia kama fimbo, na aliyechapwa alikuwa dada.

Nilimcheka hata Kwaresima yake. Tangu Jumatano ya Majivu haweki sukari kwenye chai, Ijumaa anafuata Njia ya Msalaba, na ukimuuliza mbona amekonda anasema ni jua. Sisi nasi tulifunga, tena kavu, siku tatu bila hata maji, ila kanisa zima lilijua nani anafunga na yuko siku ya ngapi.

Kilichonikera zaidi kilikuwa habari ya mama mmoja, jirani yetu wa tangu utotoni, mjane mzee anayeishi peke yake. Kila mvua za kwanza zikianguka dada alikwenda kumlimia. Alimpalilia, akamvunia. Na kila Alhamisi alimpelekea unga, si wa mashine wa haraka haraka, bali mahindi aliyoyakoboa, akayaloweka siku kadhaa, akayaanika, ndipo akayasaga, kwa sababu yule mama hapendi ugali mwingine. Miaka yote hiyo. Mimi nilimwambia dada, "Unapanda mbinguni kwa ngazi ya unga." Akajitwika ndoo yake, akaenda.

Sasa niseme kilichotokea utotoni, maana bila hicho hakuna maana ya haya mengine.

Nilikuwa na miaka tisa, dada kumi na miwili. Ilikuwa kiangazi, mahindi yamekwishaingia ndani, na watoto tulikuwa tunacheza mchezo wa kupika. Mimi nilichoka kupika kwa moto wa uongo. Niliingia jikoni kwa mama, nikachukua kaa la moto kwenye kigae, nikaenda nalo nyuma ya kihenge cha yule jirani, kile cha fito kilichoezekwa nyasi, mahali pasipoonekana. Dada alisema tusifanye. Nikapuliza. Upepo nao ukapuliza. Tulikimbia hadi mtoni, na tuliporudi kihenge kilikuwa jivu, mahindi ya mwaka mzima yananuka kama bisi zilizoungua.

Yule mama alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa kama miaka ishirini, mvuta sigara. Watu walimtazama yeye. Baba yake alimpiga mbele yetu, akamfukuza nyumbani siku hiyo hiyo. Kijana aliapa kwamba si yeye, nasi tulisimama pale pale, tumeshikana mikono, kimya. Alikwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito. Mwaka wa pili ikaja habari kwamba udongo ulimfukia shimoni. Dada na mimi hatukuwahi kulizungumza tena, hata tulipokuwa wawili tu.

Miaka mitatu iliyopita kanisa letu lilifanya mkutano wa injili kwenye uwanja ulio karibu na kwetu kwa zamani. Mhubiri mgeni alifundisha juu ya dhambi zilizofukiwa, akaita wenye ushuhuda wapande jukwaani. Mimi nilikuwa mshuhudiaji mzoefu. Nilikwisha kushuhudia hasira yangu, wivu wangu ofisini kwa walimu, chuki yangu kwa wakwe. Kusema kweli ushuhuda wangu ulikuwa umechakaa, na dada mmoja wa kwaya alikuwa ametoka kuliza watu kabla yangu. Nilitaka uzito. Nikashika kipaza sauti nikasimulia moto. Nilisema, "Dada yangu na mimi tulichoma kihenge, na mtoto wa watu akafukuzwa kwa ajili yetu." Nilimtaja yule mama kwa jinsi ambayo kila mwenyeji wa pale alimfahamu. Watu wakalia, wakapaza sauti, wakapiga makofi. Nikashuka mwepesi, nikidhani ule wepesi ni Roho Mtakatifu.

Spika zilikuwa zimeelekezwa kwenye nyumba. Yule mama alikuwa barazani kwake anapukuchua mahindi, na aliyekaa naye kwenye mkeka mmoja, anapukuchua pia, alikuwa dada yangu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwake kwa msafara, mchungaji mbele, kwaya nyuma. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

Alinitazama bila hasira. "Wewe nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Nenda na amani."

Kwaya ikaimba, wengine wakapiga picha kwa simu. Nililala vizuri siku hiyo. Sikujiuliza kwa nini ilikuwa rahisi vile. Ilikuwa rahisi kwa sababu mimi sikuwa mtu wake. Sikuwahi kuingia ndani ya nyumba ile zaidi ya mara tatu katika maisha yangu ya utu uzima.

Dada alikuwa amekwenda kabla yetu, peke yake, asubuhi baada ya ule mkutano. Alipiga magoti mlangoni. Yule mama alimwambia asirudi tena, na unga uliokuwa umebaki kwenye ndoo alimrudishia. Hayo niliyasikia baada ya wiki mbili, nilipokwenda kwa dada nikitegemea anishukuru kwamba sasa tuko huru. Nilimkuta amekaa tu, mikono mapajani, na ilikuwa Alhamisi.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikamsalimia kwa salamu ya kwao, maana niliona uso wake nikaogopa.

"Milele amina. Kaa."

Ndipo aliponiambia. Alikuwa ameungama ule moto akiwa na miaka kumi na saba. Padre hakumpa Salamu Maria tatu.

"Aliniambia, yule kijana huwezi kumrudisha, lakini mama yake yupo. Basi uwe mtoto kwake. Akasema pia, siku nikipata nguvu, nimwambie mwenyewe."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilikwenda mara nyingi nikiwa nimekwisha kupanga maneno. Nikifika mlangoni ananiita mwanangu, nanyamaza. Hilo ni kosa langu, silikatai. Nilikuwa mwoga."

"Na mimi, mbona hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa mtoto, halafu kaa ulilichukua wewe. Nilijua ukikua utalikumbuka kwa uchungu. Nikasema nitafanya malipizi ya wote wawili."

Nilikaa pale jikoni nikayarudia moyoni maneno yangu ya mkutanoni. Jukwaani nilikuwa nimesema dada yangu na mimi, yeye kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Hakunisahihisha, wala hajanisahihisha hadi leo. Nililia, na nilijichukia kwa sababu hata wakati ule sehemu yangu moja ilikuwa inasikiliza jinsi ninavyolia.

Sikurudi Katoliki, na dada hajaniomba nirudi. Bado nimeokoka. Wala sitaki mtu alaumu kanisa langu, maana hata kwetu tunafundishwa kumwendea kwanza tuliyemkosea, kimya kimya, kabla ya kumsimulia mtu mwingine. Nilifundishwa hivyo, na nimewafundisha wengine hivyo. Niliruka hatua hiyo kwa sababu mlangoni kwa yule mama kusingekuwa na mtu wa kunipigia makofi. Na dada naye alifundishwa kusema, akaishia kulima. Kila mmoja wetu alichukua nusu ya mafundisho yake, ile iliyomwia rahisi. Tofauti ni kwamba nusu yake ilimlisha mtu.

Yule mama alianza kudhoofika. Watu wa jumuiya walimpelekea chakula, akala kidogo, akasema unga una mchanga, unga una uchungu. Dada alikuwa anapata habari hizo kwa wengine na kuzunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mwishowe aliniita.

"Wewe amekusamehe," alisema. "Wewe unaruhusiwa kuingia. Nitaandaa, wewe upeleke. Useme ni wako."

"Dada, hiyo si kusema uongo?"

"Ni uongo," akasema. "Nitauungama. Wewe utafanya nini nao, sijui."

Kwa hiyo sasa ni mwaka wa tatu. Kila Alhamisi napita kwa dada kuchukua unga, mweupe, wenye ile harufu ya mahindi yaliyolowekwa, pamoja na dagaa wa Nyasa aliokwisha kuwachambua vichwa. Amenifundisha kila kitu: kwamba mama yule hapendi chumvi nyingi, kwamba goti la kushoto ndilo linalomuuma, kwamba asiulizwe habari za Tunduru. Mvua zikianza nalima mimi, vibaya, na dada ananielekeza akiwa nyumbani kwake nikirudi na malengelenge. Yeye haendi. Akipita barabara ile anapita upande wa pili.

Mchungaji amenisimamisha mara mbili ibadani akitaka nishuhudie jinsi Mungu anavyonitumia kumtunza yule mama. Mara zote mbili nimesema nina mafua.

Alhamisi iliyopita nilimkuta ameketi kitandani, ameniwekea kigoda tayari. Nilisonga ugali, nikampa, nikakaa naye. Alikula tonge la kwanza polepole, macho amefumba.

"Umejifunza kuuandaa vizuri huu unga," akasema. "Yule dada yako alikuwa anauandaa hivi hivi."

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote alikaa humu ndani, tukala sahani moja, asiseme. Wewe angalau ulisema, mwanangu. Ndiyo maana mikono yako naiamini."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na ukweli wote hapo, tayari kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hapakuwa na mtu mwingine wa kuusikia. Kisha nikatazama sahani. Alikuwa amekula nusu, na mkono wake ulikuwa unarudi kuchukua tonge jingine.

"Ahsante, mama," nikasema, nikamsogezea dagaa.