Chini ya Gari la Mama

Nilimdanganya mama yangu kwa maneno mawili, mwanangu, na siku yenyewe naikumbuka kuliko siku niliyozaliwa, ambayo nasikia niliilala yote. "Nimeangalia chini." Ndiyo hayo. Mama alikuwa anamaliza kupatana na mwuzaji wa gari, akanigeukia, akaniuliza, nikamjibu hivyo. Na chini sikuwa nimeangalia.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, na ndevu zangu ukizihesabu hazimalizi vidole vya mkono mmoja. Wewe una kumi na minne, tunapanda lifti moja hapa mtaani kwetu Rågsved, na juzi ulinifunga mabao matatu. Lakini mtu aliyelala chini ya gari kwenye theluji iliyoyeyuka, maji yakimwingia mgongoni, kina mama wa kanisa wamemzunguka, huyo amezeeka ghafla. Kaa hapo nikupe nasaha.

Mama yangu unamjua, kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mwaka jana alipata nafasi aliyoingoja muda mrefu: kuongoza zamu ya asubuhi huko nje ya mji, mashambani, ambako basi la kwanza hufika wazee wakiwa wameshaamka na njaa zao. Barabara za kule ni vilima vitupu, na theluji ikianguka hakuna anayeikwangua mapema. Mkuu wake alimwambia wazi: ukija na gari linaloviweza vilima vile Jumatatu ya kwanza ya Desemba, kazi ni yako. Usipokuja nalo, tutampa mwingine. Ndiyo tukaenda kununua gari la Kijapani lililokwisha kutumika, linalovuta kwa magurudumu yote manne, refu hata mama akilipanda anavuta pumzi kwanza.

Sasa mama ana mgongo ulioinua wazee wa watu miaka kumi na moja. Kulala chini hawezi. Akanituma mimi: "Eliya, ingia chini, uangalie muzuri."

Nami nilikuwa nimevaa koti jeupe. Koti lile nililifanyia kazi likizo nzima ya kiangazi, mwanangu, na uani kwa yule mwuzaji matope na theluji vilichanganyika kama uji ulioungua. Kwa hiyo nilichuchumaa, nikapenyeza simu chini ya gari, nikapiga picha. Ikatoka nyeusi tii, inang'aa. Nikamwambia mama nimeangalia, na kwa kuwa uongo hauna breki, nikaongeza: "Chini ni kama limetoka kiwandani jana." Mwuzaji akatabasamu. Na sheria za huku haziubembelezi uvivu: gari kuukuu ukilinunua kwa mtu, kulikagua ni juu yako.

Unatujua sisi Wakongomani. Gari jipya, hata kama limenizidi umri, haliendi popote kabla ya kuombewa. Jumapili baada ya ibada kanisa zima lilihamia kwenye maegesho yetu. Mikono ishirini juu ya boneti, mama mmoja ameshika kioo cha pembeni kama ameshika mkono wa mgonjwa, pasta anakemea ajali kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ili ajali isijifanye haikuelewa.

Hapo akashuka Jajja Kasule wa ghorofa ya kwanza. Jajja ni babu kwa Kiganda, nasi watoto wote wa jengo tunamwita hivyo. Ni Mwislamu, alikimbilia nchi hii kabla mama hajaolewa, akatengeneza mabasi ya mji mpaka akastaafu. Mama humpelekea sombe, kisamvu chetu, naye hututengenezea kila kinachovuja. Siku ile alikuja na kipande cha katoni, tochi na bisibisi refu. Pasta akasita.

"Endeleeni, endeleeni," Jajja akasema, akitandika katoni yake. "Nyinyi ombeni juu, mimi nianze chini."

Akaingia mpaka zikabaki buti tu. Wimbo ukaendelea, na chini ya wimbo tukawa tunasikia: ting. Ting. Anagonga chuma kwa mpini wa bisibisi, polepole, kama daktari anavyogonga kifua. Ting. Ting. Halafu, puf.

Wimbo ukafa wenyewe.

"Mama Eliya," sauti ikatoka huko chini, "nani alikagua gari hii?"

"Ni mutoto wangu," mama akajibu, na Mungu anisamehe, alijibu kwa fahari. "Eliya aliangalia yote."

"Eh. Mwambie aje tuangalie pamoja."

Nilitafuta mzaha, mwanangu. Mimi ninayemchekesha mwalimu wa hesabu siku ya mtihani, nilitafuta hata kamoja, sikupata. Nikaingia chini na koti langu jeupe.

Ile rangi nyeusi niliyoisifu ilikuwa imepakwa karibuni tu, nzito kama lami, juu ya kutu. Nyuma kushoto, pale springi inapoegemea fremu, bisibisi lilikuwa limezama nusu yake. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi ilikuwa imekula chuma kama panya anavyokula mkate, anamaliza ndani na kuacha ganda. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Jajja hakunifokea. Alinipa bisibisi.

"Gonga hapa."

Ting.

"Na hapa."

Puf.

"Umesikia? Chuma kizima kinaimba, kilichooza kinakohoa. Rangi inadanganya jicho, sikio haiwezi." Kisha akateremsha sauti. "Sasa, ssebo, bwana wangu, uliangalia ama ulipiga picha?"

"Nilipiga picha."

"Kwa nini?"

"Koti."

Akalimulika koti langu kwa tochi. Lilikuwa tayari ramani ya maziwa makuu yote, kwa matope. Akacheka mpaka paji la uso likagonga ekseli. "Haya, toka ukawaambie. Mimi sitakusemea. Mdomo unao."

Nikatoka, nikasema mbele ya watu wote. Yule mama wa kioo akakiachia taratibu. "Kumbe wakati wote huu tunaombea rangi!" Wakacheka, hata pasta. Mama yangu hakucheka. Alinitazama kidogo, akasema chakula kiko tayari, akapanda ngazi. Na habari ya gari hakuigusa tena mbele yangu kwa siku kumi na tano. Heri angenipigia kelele, mwanangu. Kelele zina mwisho.

Siku kumi na tano ndizo zilizobaki mpaka Jumatatu yake.

Kila nilipotoka shule nilimkuta Jajja ananingoja kwenye gereji ya rafiki yake, fundi wa kuchomelea. Lakini chuma kichafu hakichomelewi, na kukikwangua kulikuwa kazi yangu. Brashi ya waya, mgongo chini, kutu inakuingia puani. "Kwangua mpaka king'ae chenyewe," Jajja alisema, "si mpaka uchoke." Kilipong'aa, fundi akachomelea chuma kipya pale palipooza. Nimeona wachezaji wakubwa wa mpira kwenye televisheni, nimeona wacheza ngoma, sijaona mikono kama ya yule mzee. Haikisii kamwe. Alimwaga oili ya difu, zile gia za kwenye ekseli, akaisugua kati ya vidole viwili, akainusa, akaniambia ina umri gani kama anayezungumzia mjukuu. Alipima matairi moja moja, akakuta moja jipya kuliko matatu, akakataa yote. "Gari ya namna hii, matairi yake ni wabeba jeneza. Mmoja akiwa mfupi, wote wanaumia." Tukafunga manne yaliyolingana, ya baridi, yenye njumu za chuma. Alinifundisha kuyaamsha magurudumu yote manne kwenye theluji au changarawe, na kwenye lami kavu kuyaacha mawili yapumzike, gia zisije zikakabana. Na kila alichokigusa alikiandika kwenye utepe wa karatasi, akaubandika chini ya boneti, ili fundi ajaye asianze kwa kubahatisha. Ustadi wa hivyo, bila mtu kumpigia makofi!

Ijumaa tukalipeleka kwenye ukaguzi wa serikali, ule tunaouita besiktning. Likikataliwa, Jumatatu ya mama imekwenda. Mkaguzi alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye nyundo ndogo. Akaliinua gari, akapita chini yake akigonga, akafika nyuma kushoto. Nilishika mkono wa Jajja kama mtoto wa chekechea.

Ting.

Akaendelea mbele bila hata kutuangalia. Limepita. Jajja akajifanya anapangusa miwani.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nayo nimeilipia kwa koti. Ukitumwa kuangalia, angalia kwa mgongo wako. Simu haina mgongo. Gari ukilinunua, ingia chini siku ileile, gonga, sikiliza, na kila baridi ikiisha lioshe chumvi yake huko kusikoonekana, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Pakichubuka, kwangua kwanza ndipo upake. Usiache anayekuamini aendeshe juu ya neno ambalo hukuligonga. Na ukikosea, usingoje mzee akusemee.

Mungu akupe macho mazuri na masikio mazuri zaidi. Akupe jirani kama Jajja, tena wa ghorofa ya chini. Kila unachokigonga kiimbe. Amina, na kesho nakudai mechi ya marudiano.

Ile Jumatatu, nilisahau, theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka chini ya gari, tochi mkononi. Mama akaingia, akafunga mkanda, akawasha, akashusha kioo. Alichosema ni hiki, sijaongeza wala kupunguza:

"Mimi sishuki kuangalia. Wewe sema tu, chini kuko namna gani? Ukisema kuko muzuri, ninaenda."