Mafiga ya Boma Lililohamwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mchana mweupe, na sikuwa na homa.

Ilikuwa miaka ile baada ya Uhuru, ziwa lilipopanda likakataa kushuka. Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho upande wa maji. Mume wangu alikuwa Kericho kwenye chai, na nyumba hiyo ikienda, ningelala wapi na watoto? Basi sisi wanawake wa pale ufuoni tukaamua kujenga ukuta. Tulijaza mchanga kwenye magunia, tukapanga mawe mbele yake. Mawe yakaisha. Jirani yangu, tuliyemwita Nyar Katito kwa kuwa aliolewa kutoka Katito, akasema, "Si kuna mawe pale gunda?"

Gunda ni boma la zamani ambalo wenyewe walihama. Kwetu, mtu hachukui kitu hapo ovyo. Lakini maji yakiwa mlangoni, nani anakumbuka miiko? Tulibeba kila jiwe, hata mafiga matatu ya jikoni, bado meusi kwa masizi. Hayo niliyapanga mbele ya nyumba yangu, maana yalikuwa mazito na yalikaa vizuri.

Asubuhi tulikuta ukuta umebomoka hapo tu. Tukajenga. Ukabomoka tena, hapo hapo. Nyar Katito akanitania, "Wewe unajua kupanga maneno, mawe hujui." Nilinuna, usiseme. Wengine walipoenda kupika cha mchana, nikabaki peke yangu kurekebisha.

Manyunyu yalikuwa yakianguka. Nikainua macho, nikaona mama mzee ameketi ukutani, simjui. Nguo yangu ilikuwa chapachapa. Yake ilikuwa kavu. Nilimsalimu, akaitikia vizuri tu, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Binti yangu," akasema, "unalinda nyumba yako kwa nyumba yangu. Mimi nitapikia wapi?"

Akapapasa figa moja. Mawimbi yalikuwa yameliosha usiku kucha, lakini vidole vyake vilitoka na masizi mabichi.

Watu huniuliza kwa nini sikukimbia. Nikimbilie wapi, na nyumba ni hiyo? Nilimwambia, "Mama, nisamehe, nitayarudisha. Niachie tu nyumba yangu." Niliinama kushika figa la kwanza. Nilipoinuka, hakuwepo.

Niliyabeba moja moja mpaka gunda, nikayapanga kama yanavyokaa jikoni. Nyar Katito alinikuta njiani na la mwisho.

"Umeacha shimo kwa ukuta? Unataka tuzame?"

Nikamweleza nilichoona. Hakucheka, alinipita tu.

Dhoruba ilipiga usiku huo huo. Kulipokucha, ukuta ulikuwa umevunjika kila mahali isipokuwa kwangu. Lile shimo lilikuwa limezibwa kwa mawe yenye utelezi wa kijani, mawe ya chini kabisa ya ziwa, ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuyanyanyua. Nyumba ya Nyar Katito ilikwenda, na kuku wake wote.

Unadhani nilifurahi? Ndiyo, kwa asubuhi moja. Kisha watu wakaanza kunipita bila salamu. Walisema nimepatana na kitu, nimewauza. Nyar Katito, aliyemnyonyesha mwanangu nilipokuwa mgonjwa, aliniita mchawi mbele ya watoto wangu. Nililia siku ile, na nikikumbuka bado ninalia.

Nilihamia mjini, Nyalenda, chumba kimoja cha kupanga, maji ya foleni. Ziwa lilipotulia nilirudi kutazama. Nyumba imesimama, haina hata ufa, na hakuna anayekubali kulala ndani yake, hata mimi.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayejenga karibu na maji: mawe ya gunda yaache. Na ikiwa umeshayachukua, na mwenyewe akaja kukuuliza, usimtajie nyumba yako peke yake. Mtajie na za majirani.